Mikoba ya Kumhamisha Mama

Ukitaka kumwona mwanamke mwenye akili zake akikaribia kurukwa na akili hizo, mpelekee Mama Kunja mkoba wa pikipiki ulioingia maji, umwambie umevuja. Atakuuliza swali moja tu: "Ulikunja mara ngapi?" Na wewe, kama watu wote tangu dunia iumbwe, utaanza kuangalia miguu yako. Maana ulikunja mara moja. Wanaojitahidi hukunja mara mbili.

Mkoba wake hauna zipu. Zipu, husema, ina meno mengi lakini haina siri. Maji yakiigonga tu, inafunguka. Mkoba wake una shingo ndefu kama soksi ya mwanajeshi. Unaikunja mara tatu, unabana bizimu huku na huku, umemaliza. Mvua inyeshe inavyotaka, shati lako litafika kavu kama ukuni. Mara tatu. Si hesabu ya chuo kikuu hiyo. Lakini kwa kulisema neno hilo kutwa kucha, kwa wateja wanaoitikia "sawa, sawa" huku macho yao yakiwa barabarani, watu walisahau jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Mama Kunja, ingawa mtoto hakujaliwa.

Kazi aliirithi kwa baba yake, mzee aliyeshona maturubai ya malori katika chumba cha mbele cha nyumba hiihii, kwenye cherehani hiihii nyeusi yenye gurudumu kubwa kama la mkokoteni. Binti alimaliza darasa la saba Ijumaa. Jumatatu akakalishwa kwenye kigoda, akapewa sindano ya mkono na kipande cha turubai, akaambiwa atoboe. Alipojitoboa kidole, baba yake akasema, "Vizuri, sasa mmejuana."

Baadaye akaolewa na dereva aliyekuja kuchukua turubai. Miaka ikapita, siku moja lori likaenda safari na kurudi na dereva mwingine. Mume hakurudi. Hakufa, msimlilie, alipata tu mahali pengine pa kuegesha. Mama Kunja akakusanya vyombo vyake, akarudi kwa wazazi, akakalia cherehani. Baba alipofariki wakabaki wawili, yeye na Mama.

Sasa, gauni mtu mmoja anatosha kulishona. Turubai halikubali. Ni zito kama mume mlevi: likianza kuteleza kuelekea sakafuni linavuta kila kitu. Kwa hiyo lazima awepo mtu upande wa pili wa meza, abebe uzito, asukume taratibu, azuie pale kona inapogeuka. Asipokuwapo, sindano inakatika, au mshono unapinda kama njia ya mbuzi. Enzi za baba, mtu huyo alikuwa Mama. Enzi za binti, mtu huyo alikuwa Mama yuleyule, sasa na mgongo uliopinda kidogo na miwani ya kamba. Wakifanya kazi hawasemezani. Mama akivuta kidogo, maana yake punguza mwendo. Akigonga meza kwa pete, simama. Mshono ukiisha, wanaukunja, wanaulaza chini ya pasi nzito ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu, na hapo ndipo Mama hufungua mdomo. Akishaufungua, mpaka jioni.

Malori yalipoanza kununua maturubai ya kiwandani, ni kaka yake mkubwa aliyeleta kazi mpya. Kaka huyo alistaafu kazi ya kusoma mita za maji, akanunua pikipiki kubwa, akaanza kuzunguka nayo mji hadi mji pamoja na wenzake wenye vitambi kama yeye. Mtaani wanamwita Helmeti, kwa sababu huingia nayo kichwani hata mezani. Ndiye aliyesema hataki masanduku ya bati ubavuni. "Ukianguka nayo yanakuvunja mguu," alisema. "Mkoba wa turubai unakukumbatia." Dada yake akamshonea jozi ya kwanza, wenzake wakaiona, wakaja. Hivyo ndivyo chumba cha maturubai ya malori kilivyogeuka chumba cha mikoba ya pikipiki, na hivyo ndivyo kukunja mara tatu kulivyoanza kumzeesha mwanamke wa watu.

Yote haya nayaeleza ili ujue ni nyumba ya namna gani lilimotamkwa lile neno.

Lilitamkwa kwenye chai ya asubuhi. Mama alikuwa hakulala vizuri. Akasema cherehani inamtwanga kichwani kama kinu, hata ikiwa imesimama anaisikia. Mama Kunja naye alikuwa ametoka kurudishiwa mikoba na bwana aliyekunja mara moja. Akajibu bila kuinua uso:

"Kama kelele zimekushinda, Mama, kwa Kaka kuna kimya. Chumba alishakujengea, kinakungoja. Nenda."

Mama akanywa chai yake mpaka tone la mwisho. Akapangusa midomo.

"Haya," akasema. "Nahama."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Mama Kunja alikuwa amemwaga ndoo nzima. Akangoja Mama asahau. Mama anasahau sufuria jikoni, anatafuta miwani iliyo puani mwake, hili hakulisahau. Kabla ya saa ya chakula alikwishampigia mwanawe simu, akipiga kelele kama vile hakuna waya wala mnara katikati, sauti tu: "Njoo unichukue! Ndiyo! Kabisa! Na vitu vyangu vyote!" Kwa basi hakubali kwenda, maana akinusa basi anatapika, hata likiwa limeegeshwa. Atapanda pikipiki. Ajuza wa miaka sabini na ushee, safari ya siku mbili, nyuma ya Helmeti.

Mama Kunja alikuwa na mdomo uliowahi kumfukuza mkusanya ushuru akasahau kofia. Lakini maneno mawili, "Mama, usiende," hayakupita. Alingoja Mama aseme ameghairi. Naye Mama, ilivyoonekana, alikuwa anangoja aombwe. Wakawa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia.

Badala ya kusema, akashona. Ndiyo balaa la watu wenye kazi za mikono.

Helmeti aliwasili na pikipiki yake, akaiegesha mbele ya nyumba, akakaa kama mgeni wa heshima. Mikoba yake ya zamani ilikuwa midogo. Kwa vitu vya Mama ilitakiwa jozi kubwa.

"Usisumbuke, dada yangu," akasema. "Nimeshapima mwenyewe." Akatoa kamba yenye mafundo mawili. "Fundo hili kushoto, toka kwenye siti kwenda chini. Fundo hili kulia."

"Mbona hayalingani?"

"Pikipiki ndivyo ilivyo."

"Pikipiki ina kilema?"

"Wewe shona. Mimi nimesoma mita miaka thelathini, nitashindwa kusoma kamba?"

Akashona. Mama akashika upande wa pili wa turubai, turubai la mikoba ya kumhamisha yeye mwenyewe, akavuta, akasukuma, akagonga kwa pete kwenye kona, tena kwa makini kuliko siku zote. Hilo peke yake lingemtosha mtu kulia, kama hakuwa na hasira za kutosha.

Mikoba ikaisha, wakaifunga. Helmeti akaenda kuijaribu. Kabla hajapita pembeni ya kibanda cha kinyozi jirani, moshi ukatoka. Si moshi wa kawaida wa pikipiki. Moshi wa turubai. Mkoba wa kulia ulikuwa mrefu, ukalala juu ya ekzosi kama paka juu ya jiko. Akarudi nao una tundu la kupitisha ngumi.

"Umeshona upande!" akafoka.

Mama Kunja aliizunguka pikipiki mara moja, akatazama mguu mdogo wa chuma inaoegemea, akatazama inavyoinama kushoto, akafumba macho.

"Kaka. Ulipopima, pikipiki ilikuwa imesimama wima?"

"Ilikuwa imesimama."

"Wima, au imeegemea mguu wake kama sasa hivi?"

Kinyozi, wembe mkononi, mteja kitini nyuma yake ana povu nusu ya kichwa, akashindwa kujizuia. "Mzee, umepima pikipiki imelala! Upande wa kushoto uko karibu na ardhi, wa kulia uko mbali. Ukinipima mimi nimeegemea ukuta utanishonea suruali ya mguu mmoja!"

"Wewe nyoa," Helmeti akamwambia, ila helmeti haikuficha aibu.

"Siku tatu za kazi," Mama Kunja akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Turubai langu. Uzi wangu wa nailoni. Mgongo wa Mama. Mwanamume mzima na kamba yako ya mafundo."

"Basi, basi," akasema Mama kutoka dirishani. "Ni kosa tu. Mshonee mwingine. Tena ongeza urefu wa shingo, kigoda changu kiingie."

"Kigoda, Mama?"

"Nahama, si natembea. Nikakalie nini huko?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Helmeti alisema kwa utulivu kabisa kwamba kigoda kitaenea, na sufuria kubwa, na mto, na redio, na lile blanketi la mistari. Anayeshona ni mwingine, yeye kinamuuma nini?

Jozi ya pili aliipima mwenyewe, pikipiki ikiwa wima, kaka yake akiishikilia usukani na kinyozi akiishikilia nyuma, na mdomo wake akiufanyisha kazi kwa wote wawili. Upande wa ekzosi akashonea kipande cha ngozi nene, na nyuma yake kipande cha bati jembamba ili joto lisipite. Mgongoni mwa mikoba akatoa mikanda miwili inayokwenda kukutana nyuma ya siti, ikatengeneza kama kiegemeo cha kumzuia Mama asiteleze nyuma. Hilo la kiegemeo hakuombwa. Alipolimaliza alikuta Mama analigusagusa kwa kidole.

"Hiki cha nini?"

"Ulalie. Usije ukadondoka njiani, nikaambiwa ni mshono wangu."

"Mh," akasema Mama.

Kabla mkoba haujatoka kwenye chumba kile lazima ujaribiwe kwa chumvi. Ni desturi ya baba yake. Unamwaga chumvi kavu ndani, unafunga, unaumwagia maji, unafungua. Kama chumvi imeshikana, mshono umekusaliti. Kinyozi akaleta mpira wake wa maji anaooshea vichwa. Mama akapewa mkoba afunge mdomo, Mama Kunja akiandaa mwingine.

Akatazama pembeni. "Mama! Umekunja mara mbili!"

"Inatosha."

"Mara tatu, Mama! Tatu! Mimi napiga kelele mtaa mzima, halafu nyumbani kwangu mwenyewe…"

"Mimi nimekukunjia nepi wewe," akasema Mama, "usiku na mchana, na hazikuvuja. Usinifundishe kukunja."

Kinyozi akageuka ukutani akacheka mpaka maji ya mpira yakamwagia viatu. Chumvi ikatoka kavu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mama Kunja. Kwa mara mbili!

Ikaja kazi ya kupanga. Mkoba wa kulia ulichukua vifaa vya Helmeti, makoti ya mvua, sufuria na kigoda. Wa kushoto ulichukua vitu vya Mama: nguo, blanketi, mto, redio, kikombe cha bati, ndara za ndani, na vichupa vya dawa. Vizito chini, vya mvua juu. Hiyo ni kanuni. Mama alitaka kila kitu kiwe juu. "Ninachokitaka siku zote kiko chini," alilalama, na akafukua, na binti akapanga tena, na akafukua tena.

Mikoba ya pikipiki ikipishana uzito, pikipiki huvuta upande mmoja kama punda mwenye kichaa, na nyuma yake yuko bibi kizee. Kwa hiyo Mama Kunja akautoa mti wa baba yake. Ni fimbo ndefu iliyofungwa kamba katikati, inaning'inizwa kwenye boriti ya dari. Unatundika mkoba huku, mkoba huku. Mti ukilala sawa, safiri. Akatundika, akahamisha mto, akahamisha vichupa, akaongeza shali, mpaka mti ukalala kama ubao wa mezani. Akaishusha vivyo hivyo, akafunga. Mara tatu kila mmoja. Akaenda kulala na moyo wake mzito, lakini angalau mizigo ilikuwa sawa.

Asubuhi akatundika tena, kwa uhakika tu. Mkoba wa kushoto ukapaa juu.

"Kaka! Umeongeza nini kwenye wako?"

"Sijagusa."

"Spana umeongeza. Nakujua."

"Nasema sijagusa! Huo mti wako umepinda."

"Mti umepima mizigo ya malori tangu hujavaa viatu, leo umepinda?"

Akatoa kutoka kulia, akaweka juu juu kushoto bila kufukua, akasawazisha. Kesho yake kushoto kukapaa tena. Akasawazisha. Siku iliyofuata, tena. Kila akiamka, mkoba wa Mama uko hewani kama puto na wa kaka uko chini kama nanga. Akamtuhumu kaka yake kwa spana, kwa mpira wa ziada, kwa mawe. Akatuhumu kamba. Akatuhumu unyevu. Kinyozi akasema labda nyumba ina majini yanayopenda nguo za wazee, akaambiwa arudi kwake kabla hajanyolewa yeye. Mama alikaa kando ya dirisha na chai yake, akatazama yote kwa utulivu wa mtu aliyelipa kiingilio.

"Labda vitu vyangu vimekonda," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu."

Asubuhi ya safari ikafika hivyo. Helmeti alikuwa nje ameshawasha pikipiki, anaipasha moto, anaimba. Mama alikuwa amevaa koti la mvua la mwanawe linalomfika visiginoni, amejifunga kilemba chini ya helmeti, anafanana na chupa iliyozibwa vizuri. Mama Kunja akatundika mikoba mara ya mwisho. Kushoto kukapaa. Kukapaa kuliko siku zote.

Akafungua mkoba. Hakuwa na subira tena ya kutuhumu mtu, alitaka tu kitu kizito cha kujazia. Akapiga magoti kuvuta kreti la vipande vya turubai lililo chini ya meza ya kukatia, achukue mabaki. Akatia mkono.

Kilichoshikwa na mkono wake hakikuwa turubai. Kilikuwa redio.

Chini ya redio, kikombe cha bati. Chini ya kikombe, ndara za ndani, zimelazwa nyayo kwa nyayo kama zinavyolazwa kila jioni kando ya kitanda. Blanketi la mistari, limekunjwa. Mto. Kila kitu ambacho Mama hawezi kulala bila kuwa nacho kilikuwa mle ndani, kimefunikwa kwa mabaki ya turubai, kwa ustadi wa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka yote na kujua binti yake hatii mkono katika kreti mpaka turubai jipya liishe.

Akainua kichwa. Mama amesimama mlangoni, helmeti imemfika kwenye nyusi.

"Virudishe ulipovitoa," akasema Mama.

"Mama. Si ulisema unahama?"

"Nilisema. Na wewe si ulisema niende?"

"Nilisema."

"Basi tumesema sote." Mama akaivuta helmeti juu kidogo aone vizuri. "Kaka yako amejenga chumba, ameweka dirisha, ameweka kitanda. Miaka miwili ananisubiri. Nitakwenda, nitakaa, nitakisifu. Mtu haendi kusifu chumba na nyumba nzima mgongoni."

"Na ulishindwa kuniambia? Nimeupima huo mkoba kila asubuhi! Nimemwita Kaka mwizi wa spana! Nimegombana na mti!"

"Ulishindwa kuniuliza."

Mama Kunja alitaka kucheka, alitaka kumtikisa huyu kikongwe mpaka helmeti idondoke. Nje, Helmeti akapiga honi.

"Jamani, jua linapanda! Mmesawazisha?"

"Bado!" wakajibu wote wawili kwa sauti moja, kwa ukali uleule.

Mkoba wa kushoto ulikuwa bado juu, mwepesi kama ahadi. Kitu cha kujazia kilitakiwa. Akavisukuma vile vya Mama ndani ya kreti, akavifunika kama alivyovikuta. Akasimama katikati ya chumba, akatazama huku na huku. Kisha akaenda kwenye meza, akaichukua pasi ya mkaa, ile ya mishono, imepoa, akaipukuta majivu, akaifunga kwa vipande vya turubai tabaka juu ya tabaka, akaisukuma chini kabisa ya mkoba wa Mama. Akatundika. Mti ukalala sawa.

Mama akatazama mti, akamtazama yeye.

"Pasi? Nikapige pasi nini huko, barabara?"

"Kaka anataka usawa. Usawa huo."

"Na wewe mishono utailaza kwa nini?"

"Kwa ulimi," akasema Mama Kunja. "Ndiyo maana isikae huko sana. Hiyo ni pasi ya kazi, Mama. Haitumwi kwa mtu. Inarudi na aliyeondoka nayo."

Mama akasogea kwenye mkoba, akaushika mdomo, akaanza kukunja. Moja. Mbili. Akasimama, akamwangalia binti yake pembeni ya helmeti, akabana bizimu.

Mama Kunja akang'ata meno. Akaziachia bizimu, akakunja ya tatu mwenyewe, akabana.

Wakamfunga Mama kwenye siti kama mzigo wa thamani, mikanda ya kiegemeo ikamshika mgongo, akanyoosha shingo akawapungia majirani kama malkia anayeondoka na kila kitu. Helmeti alishika usukani, akaitikisa pikipiki kushoto na kulia, akashangaa.

"Imekaa sawa kabisa! Lakini nzito, lo. Mama, umebeba nini?"

"Nguo za kikongwe," akasema Mama. "Endesha."

Kinyozi akasimama mlangoni kwake mpaka walipokata kona. "Sasa umebaki peke yako, jirani," akasema. "Kelele zitakuwa zako mwenyewe."

"Wewe na hilo povu ulilomwachia mteja, nani atamwonea huruma?" akamjibu, akaingia ndani.

Wiki hiyo ilikuwa ya kumchosha hata mtakatifu. Alikuwa na turubai la hema la kushona. Upande wa pili wa meza akaweka kiti, juu ya kiti sanduku, juu ya sanduku kitambaa laini ili turubai liteleze. Liliteleza, kweli: lote, sakafuni, na sindano ikakatika. Akaongeza kiti cha pili. Sindano nyingine. Akamwita kinyozi ashike. Kinyozi akavuta alipotakiwa kusukuma, na kusimulia habari za wateja alipotakiwa kunyamaza. Akafukuzwa. Mishono akailaza kwa chupa iliyojazwa maji ya moto, ikalala nusu, ikainuka asubuhi kama majani baada ya mvua. Mara kwa mara, wakati cherehani inakwenda, alisimama ghafla, kwa sababu alihisi kama amesikia pete ikigonga meza. Haikuwa pete. Ilikuwa mbao za meza tu, zinazozeeka.

Kila jioni alilisogeza kreti, akatazama chini ya mabaki, akahakikisha ndara ziko pale, akalirudisha. Kisha akajitukana kwa upuuzi huo na kwenda kulala.

Simu ikaja siku yenye mvua. Akajua ni nani kabla hajaiweka sikioni, maana ilikuwa inasikika ikiwa bado mezani.

"Hujambo huko? Chumba kizuri! Kina dirisha! Kimya, mwanangu, kimya mpaka nasikia damu yangu inatembea. Sijalala hata lepe."

"Pole, Mama. Si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka kimya, sikutaka kaburi. Na kaka yako analala na ile kofia."

Mama Kunja akakaa chini, kwenye kigoda cha baba yake. "Mvua mlikutana nayo njiani?"

"Mvua? Gharika! Ilitunyeshea siku nzima ya pili. Kaka yako na mikoba yake ya zamani angelia."

"Na hii? Imeingiza?"

"Haijaingiza tone. Pasi yako kavu. Asubuhi nilifungua nichukue shali, nikafunga mwenyewe."

Mama Kunja akainuka kwenye kigoda.

"Mama. Ulikunja mara ngapi?"

"Sasa hii pasi," akasema Mama, kwa sauti ya juu zaidi kama vile mvua imeanza kunyesha ndani ya simu, "kaka yako anauliza kwa nini iko hapa. Nimemwambia ya dharura. Anasema wiki ijayo anaelekea huko kuonana na wenzake. Nimemwambia haiwezi kusafiri peke yake, ni nzito, itayumbisha."

"Nimekuuliza ulikunja mara ngapi!"

"Mara mbili," akasema Mama. "Na haikuvuja. Toa redio yangu uianike jua likitoka, itashika unyevu humo ndani ya kreti."

Akakata simu. Mama Kunja akaiweka mezani, akaitazama, akasema neno ambalo mtu wa darasa la saba hafundishwi shuleni. Kisha akapiga magoti, akalivuta kreti, na akaitoa redio.